Hana Imani

Hapa kwetu Kinyangiri, ukisikia watu wanasema kwamba fulani hana imani, usikimbilie kudhani kuwa wanazungumzia kanisa au msikiti. Aghalabu wanamsema mtu aliyempiga punda mgonjwa, au aliyekwenda kumdai mjane siku ya matanga. Hana imani, yaani hana huruma. Na mtu akikuambia "nionee imani", haombi kufundishwa katekisimu. Anaomba aongezewe siku za kulipa deni. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inazitia maana hizo chini ya neno moja, ile ya kukubali jambo kuwa ni kweli na ile ya huruma, wala haioni ajabu.

Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30, na somo la maneno yenye maana zaidi ya moja nilikuwa nalipenda kwa sababu huwachekesha watoto. Neno imani nililiweka katika orodha moja na kaa, paa na mbuzi, nikapita. Sikujua wakati huo kwamba kwa ajili ya neno hilo hilo nitakuja kumkosea mtu mmoja mara mbili: mara ya kwanza kwa kumnyima imani aliyokuwa nayo, na mara ya pili kwa kumpa ambayo hakuwa nayo. Lakini kabla ya kufika kwake yanipasa kueleza neno lenyewe limepita wapi, maana bila historia hiyo kisa changu kitaonekana kuwa ni ugomvi wa walimu wawili tu.

Imani ni neno la Kiarabu, na halikuja Uswahilini peke yake. Lilikuja na ukoo wake: amini, amana, amani, uaminifu. Hata ile amina tunayofungia sala ni ya ukoo huo, ila imepitia Kiebrania, lugha ambayo ni ndugu wa Kiarabu. Ukiyatazama maneno hayo kwa pamoja utaona yana kitu kimoja ndani yake, nacho ni usalama wa kuweka mali yako mkononi mwa mwenzio ukaenda zako kulala. Hayo ni mambo ya watu wawili. Hoja ya kwamba kitu fulani kipo au hakipo inakuja baadaye, tena kwa mlango wa nyuma.

Tazama jinsi watu wa dini wenyewe wanavyoungama. Mwislamu katika shahada hasemi "nadhani". Anasema anashuhudia, kama mtu aliyesimama mbele ya hakimu. Mkatoliki katika kanuni yake anasema "nasadiki", na kusadiki ni ndugu wa sadaka. Sisi Walutheri tunasema "namwamini", na hapo naomba msomaji aiangalie ile silabi ndogo ya katikati. Kusema "naamini kwamba Mungu yupo" ni jambo moja. Kusema "namwamini Mungu" ni jambo jingine. La kwanza ni maoni. La pili ni kujikabidhi.

Kwamba mambo hayo mawili hayafanani, mkoa wetu una ushahidi wake, tena wa kutisha. Katika miaka ya 1940 upande wa Wanyaturu, kusini mwetu, watu waliuawa kwa makucha, na ikasemwa kwamba wauaji ni watu-simba wanaofugwa na wachawi. Serikali ya mkoloni ilifanya uchunguzi, na habari zake ziliandikwa baadaye katika jarida la Tanganyika Notes and Records, mara ya kwanza mwaka 1950, kisha mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider akaziandika upya kwa kuzihoji. Mimi nilikulia katika hadithi hizo. Usiku hatukutoka nje kwenda haja bila mtu mzima. Sasa, wazee wetu waliamini kabisa kwamba wachawi wapo. Je, waliwaamini wachawi? La hasha. Ndiyo maana Yakobo katika waraka wake anawakumbusha Wakristo kwamba hata pepo wabaya wanajua Mungu yupo, na hilo haliwasaidii kitu. Na katika Kurani, Sura ya Al-Hujurat, Mabedui wanaojidai kwamba wameamini wanaambiwa waseme tu kwamba wamejisalimisha, maana imani bado haijawaingia moyoni. Vitabu vyote viwili, basi, vinajua kwamba kukubali jambo kwa ulimi au kwa akili si kuamini.

Na kabla ya vitabu hivyo kufika? Babu zetu hawakuulizwa kama wanaamini. Kaskazini mwetu kuna Waihanzu, ambao wengine huwaandika Waisanzu, na kwao Kirumi ndiko kuliko watemi wa mvua, mwanamume na mwanamke, wenye mawe ya mvua. Mtaalamu mmoja, Todd Sanders, aliishi nao katika miaka ya 1990 na akatoa kitabu mwaka 2008 juu ya mambo hayo. Nilipokuwa mtoto, swali waliloulizana wazee wakati wa kiangazi lilikuwa kama watu wa kwao wametoa nafaka ya tambiko au bado. Ukitoa, umo. Usipotoa, mvua ikigoma utaangaliwa wewe. Hakuna aliyemwuliza mwenzake moyoni mwake ana maoni gani juu ya mawe yale. Ingekuwa sawa na kumwuliza mtu kama anaamini jua. Jirani zetu wengine, Wahadzabe, hucheza epeme katika giza la usiku usio na mwezi, na Frank Marlowe, aliyeandika kitabu juu yao mwaka 2010, alieleza kwamba dini wanayo kwa namna yao, lakini ni dini isiyo na makanisa, wala wahubiri, wala mafundisho ya maisha baada ya kufa. Ukimpelekea mtu kama huyo karatasi yenye kisanduku cha "muumini" na kisanduku cha "si muumini", atatia alama wapi?

Wamisionari ndio waliotuletea kisanduku. Sisemi hivyo kwa ubaya. Mimi ni mtoto wa shule zao. Walutheri wa Leipzig kutoka Ujerumani walifika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya vita hiyo Wamarekani wa Augustana, wengi wao wenye asili ya Uswidi, wakaja kuendeleza kazi katika miaka ya 1920. Walileta dawa, kalamu na ubatizo. Kule Buganda, waliofuata dini mpya katika karne ya 19 waliitwa basomi, yaani wasomaji, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu pia katika macho ya wazee: mtu hakuwa ameamini, alikuwa amesoma. Baba yangu alisema hivyo mpaka anakufa. "Mwanangu amesoma." Alikuwa na maana ya kwamba nimebatizwa.

Basi nikafika utotoni mwangu na imani ya katekisimu kichwani, na nilipokuwa kijana wa miaka 17 hivi nikaongezewa nyingine. Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na sehemu yake ya kwanza kabisa inaitwa Imani ya TANU. Mbele kidogo kuna kifungu chenye kichwa "Ujamaa ni Imani". Wengi wamesahau. Sisi tulioyakariri hayo tukiwa tumesimama uwanjani hatuwezi kusahau, kwa sababu yalikaririwa kwa sauti ile ile tuliyokariri Amri Kumi. Huko chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa siasa alikuwa akisema kwamba ujamaa haujijengi wenyewe; hujengwa na watu wanaouamini na kuutenda. Nami nilijiambia kimoyomoyo kwamba mchungaji wetu amekwisha kulisema hilo juu ya Ufalme wa Mungu.

Hapo ndipo neno lilipoanza kugawanyika mikononi mwetu. Palikuwa na wasiwasi, hasa kwa watu wa dini, kwamba ujamaa ni njia ya kumleta Marx, na Marx ni njia ya kumwondoa Mungu. Wasiwasi huo haukuwa wa bure. Radio Moscow ilikuwa na idhaa ya Kiswahili, vitabu vya Progress vya Moscow viliuzwa kwa bei ya karanga, na huko Urusi kwenyewe somo la kumkana Mungu kisayansi lilifundishwa vyuo vikuu. Mwalimu Nyerere alilijibu jambo hilo mapema. Katika utangulizi wa kitabu chake Uhuru na Ujamaa kilichotoka mwaka 1968, alieleza kwamba mtu hahitaji kwanza kuamua kama Mungu ni mmoja, au ni wengi, au hayupo, ndipo awe mjamaa. Akawaonya pia wale waliotaka kuugeuza ujamaa wenyewe kuwa dini yenye maandiko yake matakatifu. Aliyasema hayo mtu aliyebatizwa akiwa mtu mzima, mwaka 1943, na ambaye alihudhuria misa kwa bidii kuliko mapadri wengine ninaowafahamu. Mimi nayaona ni maneno mazito kuliko mengi aliyoyasema juu ya pamba na katani, lakini yalikaa katika kitabu cha Kiingereza, na vijijini hayakufika.

Sasa nifike kwa mwenzangu.

Aliletwa shuleni kwetu mwaka 1979. Serikali ilikuwa imetangaza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, madarasa yamefurika, walimu hawatoshi, na mimi nikiwa mwalimu mkuu kijana nilimshukuru Mungu kwa kuletewa mtu anayejua hesabu. Jina lake silitaji. Watoto wake wapo. Alikuwa amebatizwa utotoni kama sisi, lakini alipitia kozi za siasa, akasoma vile vitabu vya bei ya karanga, akavitafakari kuliko walivyotaka waliovigawa, maana baadaye aliviacha hivyo navyo. Alibaki na jambo moja tu: kwamba hakuona sababu ya kusema Mungu yupo. Hakulihubiri. Tulipoomba asubuhi katika mstari alisimama wima, mikono nyuma, kimya, kama mgeni anayesubiri wimbo wa taifa wa nchi nyingine umalizike.

Jioni moja tukiwa tunasahihisha madaftari nilimwuliza.

"Mwalimu, hivi kweli wewe huamini?"

"Nimesema sijaona sababu ya kusema yupo. Wewe unayo, sema. Mimi sina."

"Kwa hiyo huna imani."

Akacheka. "Imani ninayo, Mwalimu Mkuu. Nenda dukani ukaulize."

Alikuwa na haki ya kucheka, maana pale kijijini yeye ndiye aliyekuwa benki. Benki ya kweli ilikuwa Singida mjini, na nauli ya kwenda huko ilikula nusu ya akiba. Ilianza kwa mama mmoja aliyeuza alizeti akaogopa mume wake asizinywe zile fedha, akampelekea mwalimu wa hesabu amtunzie. Wakafuata wengine: fedha za mahari, za bati, za kumpeleka mtoto sekondari. Aliziandika katika kaunta buku lenye jalada gumu, safu tano alizozipiga mstari kwa rula: tarehe, jina, kiasi, sahihi au dole gumba, na shahidi. Wazee wa kanisa walimwekea fedha zao. Mwalimu wa madrasa alimwekea. Wote walijua kwamba hasali, na wote walilalamika kwamba hasali, kisha wakaenda nyumbani kwake saa mbili za usiku na noti zilizofungwa kwenye leso.

Nami niliona hilo kwa macho yangu, mara nyingi nikiwa shahidi katika safu ya tano. Pamoja na hayo, mwaka 1984 nilipotakiwa kuandika taarifa ya siri juu ya walimu wangu, ili wachaguliwe wa kupewa shule, niliandika juu yake kwamba hana imani ya dini, ila kazi yake ni nzuri sana. Nilidhani nimeandika ukweli, tena kwa upole. Miezi ikapita. Afisa mmoja aliyepitia taarifa zile alipofika kwetu kukagua alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Huyu uliyeandika hana imani, anawapiga sana watoto?"

Nilishtuka. Nikamwambia hapana, hawapigi kabisa. "Sasa imani gani hiyo?" Nikaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba hilo basi ni baya zaidi, maana mtu asiyemwogopa Mungu atamwogopa nani, na shule ina stoo. Wangempaje funguo?

Ningeweza kuandika tena. Nilikuwa na kalamu, karatasi, na ule mfano wa kaunta buku ambao ungetosha kuliko barua ya askofu. Nilisema nitaandika mwisho wa muhula, na muhula ukaisha. Yumkini moyoni niliona heri abaki kwangu, maana nani angenifundishia hesabu? Hakupewa shule mwaka ule wala miaka iliyofuata. Hakuniuliza kamwe, nami sikumwambia kamwe.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na naona afisa yule hakuwa mjinga. Alisoma Kiswahili kama kilivyo. Katika lugha yetu imani, uaminifu, amana na huruma vinakaa nyumba moja, na ukimwambia mtu kwamba mmojawapo hayumo, anadhani nyumba nzima imehamwa. Mwenzangu aliposema "siamini", alikuwa anatoa taarifa juu ya ushahidi: nimetafuta, sijapata. Waliomsikia walisikia mtu aliyekana. Na hilo ndilo neno tunalompa mtu wa namna hiyo kwa Kiswahili, mkanamungu. Kukana ni kazi ya mwenye deni. Petro alikana. Mtu aliyechukua ng'ombe wako akasema hakuchukua, huyo amekana. Neno lenyewe limekwisha kumhukumu kwamba anajua yupo, ila anamruka. Mlahidi si bora zaidi, na kafiri silitaji. Hatuna neno ambalo yeye mwenyewe angelikubali alitumie bila kujitukana.

Baada ya kustaafu nimesoma kidogo katika vitabu ambavyo mjukuu wangu huniletea, nikakutana na Mwingereza mmoja, W. K. Clifford, mtaalamu wa hesabu naye, ambaye mwaka 1877 aliandika makala juu ya maadili ya kuamini. Anatoa mfano wa mwenye meli kuukuu. Anajua meli imechoka, lakini anajituliza nafsi kwamba imekwisha kwenda safari nyingi ikarudi, na Mungu ni mwema, akaipakia wahamiaji. Meli inazama, naye anachukua fedha za bima. Clifford anasema mtu huyo ana hatia, hata kama aliamini kwa moyo wake wote, na hata kama meli ingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini bila kuikagua. Nilipofika hapo nilitaka kukifunga kitabu. Nikasema, hawa ndio wanaopima Mungu kwa rula. Lakini mbele nikakuta jambo lililonisimamisha. Anasema mambo tunayoyaamini si mali ya mtu binafsi. Tumeyapokea kwa waliotutangulia kama amana, na tutayakabidhi kwa wajao. Amana! Mtu asiyeamini, kwa njia ya mbali kabisa ya London, amerudi kwenye mlango ule ule wa neno letu. Tofauti ni kwamba kwa muumini, imani ni kumkabidhi mwingine. Kwa Clifford na kwa mwenzangu, ni kuwa mwangalifu na ulichokabidhiwa.

Majirani zetu wa Kenya wamelikabili jambo hili mahakamani. Februari 2016 chama cha watu wasioamini Mungu kilisajiliwa huko, na kufika Aprili ya mwaka huo huo usajili ukasimamishwa, kwa maelezo ya kwamba umeleta wasiwasi kwa wananchi na kwamba amani na utulivu vinaweza kuguswa. Chama kikaenda kudai haki yake kortini. Sina neno juu ya sheria za Kenya, ila sikio la mwalimu wa Kiswahili halikuacha kusikia: wasio na imani wanatishia amani, ukoo mmoja. Hata hivyo Kenya angalau inawahesabu. Katika sensa ya mwaka 2019 watu 755,750 waliandikwa kuwa hawana dini au hawaamini Mungu, katika nchi ya watu milioni 47 na zaidi. Waliounganishwa katika safu hiyo moja ni akina nani? Yupo aliyesoma Marx, yupo aliyekasirishwa na mchungaji wake, na yupo bibi ambaye karani alimwuliza swali asilolielewa. Sisi Tanzania tuliuliza dini mara ya mwisho katika sensa ya 1967, tukaacha. Katiba yetu inasema nchi haina dini, na wimbo wetu wa taifa ni sala tangu neno la kwanza, na wote tunasimama. Mwenzangu naye alisimama. Niliwahi kumwuliza mbona huo anauimba. Akasema, "Huu ni wa watu wote."

Alikufa Januari 1998, katika zile mvua za El Niño. Barabara zilikatika, ndugu zake wengine hawakuweza kufika, na maiti haikuweza kusubiri. Mama yake mzazi alikuwapo. Alikuwa bibi kizee sana, amekaa chini kwenye mkeka uliolowa, na alikuwa anauliza jambo moja tu: kengele itapigwa? Kwa desturi ya kanisa, kengele haikupigwa kwa mtu aliyejitenga mpaka kufa. Mchungaji, ambaye alikuwa mtu mwema na aliyetembea kilomita nyingi matopeni kuja, aliniita kando ya banda la ng'ombe.

"Mwalimu Mkuu, wewe umekaa naye siku hizi za mwisho. Alirudi?"

Nilikuwa nimekaa naye, ni kweli. Siku mbili kabla ya kufa tulizungumza juu ya kaunta buku, nani amelipwa na nani bado. Nilimwuliza kama angependa nimsomee Zaburi. Alisema nisome nikitaka, sauti yangu haimsumbui. Basi.

"Alirudi, Baba Mchungaji," nikasema.

Kengele ikapigwa. Bibi akaacha kuuliza. Msalaba wa mti wa mninga ukasimamishwa, na mchungaji akahubiri juu ya mwana mpotevu, vizuri sana, na watu wengi wakalia. Mke wa marehemu hakulia wakati wa mahubiri. Alinitazama, halafu akatazama chini.

Siku ya tatu baada ya maziko alitoa kaunta buku na sanduku la bati. Kazi ile ilichukua wiki tatu kwa sababu ya mito kujaa. Watu 14 walikuwa bado wana fedha zao mle. Mmoja alikuwa amekwisha kufa, na za huyo zilipelekwa kwa watoto wake huko Nduguti. Haikupungua hata shilingi. Nilikuwapo kama shahidi, nikatia sahihi safu ya tano mara 14. Tulipomaliza, yule mama alifunga kitabu akaniambia bila hasira: "Shemeji, yeye hakuwahi kukuandika uongo mahali popote."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sijui kama nilimkosea. Kama aliyosema ni kweli, kwamba hakuna kitu baada ya hapo, basi hakuumia, na mama yake alipata faraja ya miaka miwili aliyobakiza. Kama ninayoyaamini mimi ni kweli, basi Mungu hakuhitaji uongo wangu ili amjue mtu aliyemwumba. Kwa vyovyote uongo ule haukumsaidia yeye. Ulinisaidia mimi kutazamana na bibi kizee.

Msalaba ule umekwisha kuliwa na mchwa. Mwaka huu mwanawe, ambaye yuko Dodoma, aliniandikia kwamba anataka kujengea kaburi kwa saruji, na akaniomba, kwa kuwa ndiye niliyemjua baba yake kuliko wote waliobaki, nimwambie maneno ya kuandika. Nimemtumia jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na chini yake neno moja, Mwalimu. Amejibu kwamba ameridhika. Ila ameuliza kama fundi aweke msalaba upande wa kichwani kama ulivyokuwa mwanzo, na barua hiyo ninayo hapa mezani tangu wiki iliyopita.